Enos Amolo Anaondoka na Mpira Wake Mweusi

Mimi Laban Wasike nina miaka sabini na moja. Nimemzika mke wangu Nekoye na ndugu zangu wote. Mameneja watano wa Klabu ya Mwambao wamekuja na kuondoka, jenereta mbili zimekufa, na mimi bado nipo. Kwa hivyo iliposemwa mtu aandike habari za Enos Amolo, anayestaafu Jumamosi hii tarehe 30 Novemba 1996 baada ya miaka kumi na sita ya kazi, nikasema hakuna mwingine. Rosa wa ofisi amenipigia taipu. Nimemkataza kunisahihisha.

Amolo alikuja kutoka Bondo mwaka wa 1980 kuwa mpanga pini. Wakati huo pini zilisimamishwa kwa mkono, mtu amejikunja huko nyuma kama kuku anayetaga. Baada ya miaka miwili akapewa mipira yote ya klabu aitunze. Mimi tayari nilikuwa mtu wa mafuta. Tangu hapo kazi yetu ikawa hiyo: mimi namwaga, yeye anatafuta mpira wa kushinda nilichomwaga.

Nieleze kwa wale wanaokuja hapa kula samaki tu. Bouling ni kurusha mpira mzito uangushe pini kumi. Njia yake ni mbao, na mbao hupakwa mafuta ili mpira usizikwaruze. Klabu zingine wanapaka kidogo. Mimi napaka mengi, kwa lile bomba la kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, kwa sababu hewa ya ziwa huingia kwenye mbao ikazivimbisha. Njia zetu mbili hazijavimba hata siku moja. Wachezaji walilalamika, mameneja wakalalamika. Hao mameneja wako wapi leo?

Sasa penye mafuta mengi mpira unateleza tu, unanyooka kama mjinga, haujikunji kwenda kwa pini. Amolo ndiye aliyejua upi utashika. Mpira unaong'aa hakuutaka. Alitaka wenye ngozi iliyofifia, na ule uzito unaotiwa ndani ya mpira usikae katikati, ndipo ukifika mbele ujikunje wenyewe. Ukianza kung'aa kwa kutumika, aliusugua kwa msasa na maji, polepole, akiuzungusha kama mama anayeosha kichwa cha mtoto.

Mwaka wa 1988 Mama Lornah wa benki alileta mpira wa rangi ya waridi, unang'aa hata unaona meno yako ndani. Amolo akautazama, akasema, "Mama, huu ni wa kuweka sebuleni karibu na redio." Mama Lornah akanuna. Mpira ukaingia mtaroni, kando ya njia, mara tatu mfululizo. Akarudi nao mwenyewe: "Haya Baba, ukwaruze." Kikombe cha ushindi kilicho kwenye kabati la baa ni chake.

Lakini mtu asidhani Amolo alizaliwa akijua. Mpira hunywa mafuta. Ukinywa sana unalewa, haushiki tena, na lazima yatolewe. Mwanzoni Amolo aliuweka mmoja juu ya mabati saa saba mchana, ati jua liyatoe haraka. Ulipasuka kama kiazi kwenye makaa. Mama Dorca wa jikoni alitoka mbio akidhani gurudumu la lori limelipuka. Tangu hapo mipira ilipata jua la asubuhi tu, juu ya gunia, naye anaipangusa kadiri inavyotoa jasho. Siku za mvua aliziba matundu ya vidole kwa plasta, akailaza kwenye karai la maji vuguvugu na sabuni. Na kila ukirushwa, kitambaa. Mchezaji akisahau kupangusa, Amolo alimwangalia mpaka akumbuke.

Kila Ijumaa nikimaliza kupaka, hakuna aliyeruhusiwa kucheza mpaka Amolo arushe mpira wake mweusi, ratili kumi na tano, matundu yamechimbwa kufuata vidole vyake. Ukishika, ananiita mzee kwa Kijaluo: "Jaduong', leo umepaka maji." Ukiteleza, namwita ndugu kwa lugha yake hiyo: "Omera, nenda ukauze omena," wale dagaa wa ziwani. Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yetu, miaka yote. Nikirudi kwangu Obunga nyumba haina mtu wa kubishana nami. Hiyo Ijumaa moja ilinitosha wiki nzima.

Kamati ikaamua apewe ule mpira uwe zawadi. Nilikwenda kwenye mkutano wao bila kualikwa nikakataa. Bondo hakuna bouling. Utakuwa wa kuzuia mlango wa kuku. Nikasema ubaki, Ijumaa urushwe kama kawaida. Mwenyekiti akauliza, urushwe na nani? Nikasema, na mimi. Wakanipa nijaribu. Vidole vyangu viligoma kwenye kifundo, havikuingia matunduni mwake. Wote wakacheka isipokuwa Amolo. Yeye aliuliza polepole, "Jaduong', nikuachie?" Nilikuja bila kualikwa, nikatoka bila kuaga.

Ijumaa iliyopita nikapaka mafuta kwa wingi ambao sijawahi kupaka tangu niingie klabu hii. Hata mende angeanguka. Amolo akarusha. Mpira ukateleza, ukateleza, nikafungua mdomo nimpeleke kwa omena yake. Mwisho kabisa ukashika. Pini zote kumi chini. Hakusema nimepaka maji. Mpira uliporudi akatoa kitambaa chake, nami nikamshika mkono. Nikamwambia, usipanguse. Nenda nao hivyo hivyo.

Klabu inakushukuru, Amolo, kwa mipira uliyoitunza na wachezaji uliowavumilia. Ukae salama na mkeo Mama Anyango, shamba likuzalie, magoti yapumzike. Mpira uuweke kwenye gunia, jua la asubuhi tu. Utauona unatoa jasho. Hayo ni mafuta yangu. Siku ukiona umekauka, ulete. Ijumaa nipo.

Anayebisha haya amwulize Mama Dorca jikoni, au Mama Lornah pale benki. Shahidi wangu mkubwa ni Amolo mwenyewe, lakini kuanzia Jumatatu itabidi mumfuate Bondo.