Vitambaa vya Gaspari

Haya, niambie: nani ana macho mazima, darasa la saba kamaliza, lakini herufi zinamrukaruka kama panzi?

Ni Gaspari, mtunza ghala la alizeti. Nilimsikia kwenye treni ya Manyoni akimwambia mama waliyeketi pamoja, "Magunia nayafunga vitambaa. Chekundu ni mbegu yenye dawa, cheupe ni ya kukamua mafuta. Tajiri mpya kavifungua vyote, anataka nisome lebo."

"Umemwambia herufi zinakuruka?"

Akatazama dirishani. "Ataniita mjinga, dada."

"Na yenye dawa ikikamuliwa, watu wakala, watakuitaje?"

Ulimi uliniwasha, lakini nani aliniuliza?

Treni ikasimama. Gaspari akainuka. "Namwambia leo. Akinifukuza, anifukuze, ila sumu haitoki mkononi mwangu."