Mwenye Mkuki Aliyefia Kitandani: Maisha ya Lual Dau Mamer

Inasomwa na Mamer Lual, mwanawe wa kwanza, kwa niaba ya familia. Kakuma, Jumanne, 29 Aprili 2025.

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani zetu Waturkana na wenzetu wa kambini, mzee tunayemsindikiza leo alizaliwa mwaka 1961 karibu na Bor, Sudan Kusini, wakati wa mafuriko makubwa, tarehe haijulikani, ile Januari mosi iliyo kwenye karatasi zake aliandikiwa hapa kambini kama wengi wetu tulivyoandikiwa. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Dau Mamer, mwenye mkuki wa ukoo wetu, na kwa majirani wasiojua, mwenye mkuki kwetu Wadinka si mfalme wa kukaa kwenye kiti, hana askari wala kodi, ila ndiye anayewaombea watu na ng'ombe, anayepatanisha waliomwaga damu, na uhai wa ukoo mzima unaaminiwa kuwa umo ndani yake.

Alianza shule ya misheni mjini Bor mwaka 1973, akasoma vizuri hadi Februari 1979, baba yake alipoona pumzi inamwishia. Mzee Dau aliwaita watu mwenyewe, akaketishwa katikati yao, wakaimba tangu asubuhi mpaka akanyamaza, na hakuna aliyelia, kwa kuwa kimila mwenye mkuki hanyang'anywi uhai wake, anautoa mwenyewe na kuwaachia watu, na mtu akilia ni kama kusema amenyang'anywa. Lual alikabidhiwa mkuki siku hiyo hiyo, akaacha shule, na alikuwa akituambia kwamba koo lilimuuma mwezi mzima kwa kilio alichokimeza.

Mwaka 1988 alimwoa mama yetu, Awut Anyieth, Mungu akawajalia Mamer, Abang na Nyariek. Mwishoni mwa mwaka 1991 vita viliwafukuza, wakatembea, wakafika Kakuma Agosti 1992, baba amebeba mkuki ndani ya mkeka na mama amembeba Mamer mgongoni, na mama husema mpaka leo kwamba mzigo wake ndio uliokuwa ukilia njia nzima.

Mwaka 1995 alifungua bucha katika soko la Kakuma, akinunua mbuzi kwa mzee Ekai wa Lopur, ambaye alimsalimu kwa Kiturkana, ejok, siku ya kwanza, akambishia bei, na hawakuachana tena. Mwaka 2001 alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa bloku yetu hapa kambini, na mwaka 2007 akabwagwa na mama Adhar, aliye hapa mbele yetu, lakini watu waliendelea kumiminika kwake na kesi zao za ndoa na ngumi, mama Adhar akanung'unika, naye alikuwa na haki, mpaka baba akasimama mkutanoni akasema, "Kiti iko kwa Adhar. Kwangu iko chai peke yake." Waliendelea kuja kunywa chai, na kesi wakaja nazo vilevile, ila baba akizimaliza alikuwa anawatuma kwa mwenyekiti wakamwambie, ili yeye ndiye azitangaze.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, akawa anapelekwa Lodwar kusafishwa damu, na tarehe 21 Aprili mwaka huu alilazwa huko. Wazee walipopata habari kwamba hali ni mbaya walipanda gari kwenda kumrudisha Kakuma, ili aketishwe katikati ya watu wake na kuimbiwa kama baba yake, lakini mvua ilikuwa imenyesha milimani, mto wa mchanga, ulio mkavu siku nyingi, ukajaa maji, gari likakwama ng'ambo. Alifariki Alhamisi, tarehe 24 Aprili, saa nne asubuhi, kitandani, na aliyekuwa naye ni mama peke yake, amemshika mguu.

Mama anasema kwamba asubuhi hiyo baba alimwambia, "Wazee hawatafika. Mimi nakufa kama watu tu, basi nililieni kama watu." Wazee wetu hawakuyapokea maneno hayo, wanasema mwenye mkuki hawezi kuyatamka, wanasema mjane akilia mkuki umevunjika, na mimi Mamer sitakuwa na kitu cha kurithi. Tangu Alhamisi mama yetu hajalia. Anakaa, anajibu salamu, uji unapoa mbele yake, nasi watoto tumekufa ganzi pamoja naye, tunapokea wageni na kupanga viti kana kwamba msiba ni wa nyumba nyingine. Ijumaa mzee Ekai alimtazama sana, kisha akawageukia wazee wetu, "Nyinyi munakataza mpaka mama ya nyumba kulia? Sisi hatuna mfalme, lakini mtu yetu akikufa tunalia vile tunataka."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Lodwar, dereva aliyelala garini kando ya mto pamoja na wazee, wenzake baba wa sokoni waliofunga maduka, mama Adhar na bloku nzima, kanisa, na mzee Ekai kwa mbuzi na kwa maneno yake.

Mwisho, wazee wangu, nawaheshimu, na ninayosema sasa nayasema nikijua yananigharimu nini. Maneno ya mama nimeyaamini. Mkuki huu hapa, nauweka miguuni penu, mpeni mtu mwingine wa ukoo au mzikeni nao baba, mimi sitauchukua kwa bei ya macho makavu ya mama yangu. Mama Awut, hakuna wa kukuzuia tena. Machozi yasipokuja leo, hatutakudai.

Baba, pumzika, na amani uliyowatafutia wengine miaka yote iwe yako sasa.