Shati la Namdeo

Basi la kwenda mji wa Yavatmal, India, lilipopita mashamba ya pamba, bibi Anusaya alifungua furushi akalinusa shati la marehemu mumewe, Namdeo. Harufu nayo ikapanda basi bila tiketi.

"Naenda kumvika mjukuu wangu aliyezaliwa jana," akamwambia aliyeketi naye. "Kwetu mtoto mchanga si lazima aanze na nguo kuukuu ya mkubwa wake, apate umri mrefu?"

Jirani yake kitini, Rukmini, akaziba pua. "Bibi, linanuka sumu ya wadudu!"

"Ndiyo harufu yake, mwanangu. Akitoka kunyunyizia pamba dawa, mbu akimuuma anakufa mbu! Sijalifua tangu afariki."

"Nini kilimuua?"

Bibi akalikunja shati polepole. "Sumu hiyohiyo."

"Na hupenya ngozini!" Rukmini akamaka. "Kwani sari yako si kuukuu? Wewe si mkubwa wake?"

Basi likasimama. Anusaya akashuka, mkono mmoja umekumbatia shati, mwingine ukipapasa pindo la sari kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.