Mwalimu Ussi Maulid, Aliyewafunga Wakubwa kwa Sifa

Ndugu zetu mliokuja kumzika, familia imenituma mimi Jaffari, shemeji wa marehemu, niwasomee maisha ya Mwalimu Ussi Maulid, aliyezaliwa Mkoani, Pemba, tarehe 14 Machi 1951, akasoma shule ya msingi hapo hapo Mkoani, kisha sekondari mjini Unguja, na mwaka 1976 akapata shahada ya Kiarabu Khartoum, ambako aliyapenda mashairi ya zama za makhalifa hata akawa anasahau kula.

Tarehe 9 Agosti 1979 alimwoa dada yangu, Bi Swalha, wakajaliwa binti mmoja, Muzdalifa, ambaye Julai hii anafanya mtihani wa mwisho wa sekondari hapa hapa Guangzhou, China. Mwalimu alifundisha Unguja hadi Septemba 1994, alipokuja huku kufanya utafiti chuo kikuu, akishikilia kwamba washairi wale waliosimama mbele ya watawala hawakuwa wachumia tumbo wote kama tunavyodhani, maana wajanja wao walimsifu mtawala hadharani kwa wema ambao hajautenda, ili aone haya kutoutenda.

Hayo hayakuishia kwenye karatasi. Iddi ya mwaka 1997, mwenyekiti wetu wa wafanyabiashara, Bwana Abdulsalam, alimwomba kasida ya kumsifu, na wakati huo mwenzetu Bi Sihaba alikuwa hoi hospitalini, akililia kurudishwa kwao Dar es Salaam, huku mwenyekiti akipiga danadana kuhusu nauli. Mwalimu akamjibu, "Kasida utaipata, Laoban," kama Wachina wanavyomwita tajiri, akasimama ukumbini, akamsifu kwa kumkatia mgonjwa tiketi ambayo bado hajaikata, makofi yakalipuka, na wiki ile ile Bi Sihaba akapanda ndege uwanjani Baiyun. Mwenyekiti alilalamika huku anacheka, "Mwalimu, umenifunga kamba!"

Maradhi ya ini yalimwanza Januari mwaka huu wa 1999, akalazwa Aprili, akatuagiza kwamba akifa shukrani zake zisomwe kwa njia ya washairi wake, na alfajiri ya Jumatano, tarehe 12 Mei, akatutoka, na pengo lake linatuuma kuliko tunavyoweza kusema. Chuo kinaitaka nyumba yake mwisho wa mwezi, na jana, Bwana Abdulsalam alipoombwa awahifadhi mjane na binti, alijibu, "Tutaona."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia tangu jana, na watafiti wenzake waliokesha nasi. Kwa namna ya pekee, kama marehemu alivyoagiza, tunamshukuru Bwana Abdulsalam, aliyewafungulia Bi Swalha na Muzdalifa mlango wa nyumba yake ya mtaa wa Zhanqian, wakae hadi mtihani uishe, na akakataa hata kuambiwa ahsante. Msibani hatupigi makofi, Laoban, lakini wote hapa wamesikia, na tunakuona unaitikia kwa kichwa.

Pumzika sasa, Mwalimu, kamba imeshika.