Injini Iliyopakwa Rangi kwa Ajili ya Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Ndugu Ludovick, Mkuu wa Chuo chetu. Mzee Kishan Bhagwanji, uliyetupatia injini. Ndugu wageni waalikwa, walimu wenzangu, na ninyi vijana mlionizeesha: nawasalimu nyote. Wazee wangu, shikamooni.

Mimi ni Nasra, mzaliwa wa Kolo, na leo nastaafu kufundisha ufundi magari hapa Makole. Nilikuwa nimeandaa maneno matamu. Yameniishia asubuhi pale getini, nilipoikuta injini yangu ya kufundishia imepandishwa juu ya nguzo ya saruji, imepakwa rangi ya fedha, imefungwa utepe mwekundu, na jina langu limeandikwa chini yake kana kwamba nimekufa.

Ndugu zangu, ugonjwa wetu naujua. Akitangazwa mgeni rasmi, tunapaka rangi mawe, tunapaka miti, tunapaka hata mapipa ya taka. Haya, sawa. Lakini injini jamani?

Mkuu, najua ulinitakia mema, nami nakushukuru. Ila umenikera, na nisipokwambia leo nitakwambia lini?

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa nje, hilo ni bonge la alumini tu. Ndani kuna silinda nne katika mstari mmoja, na kila silinda ni bomba la chuma lililochomekwa kwenye bloku, sisi mafundi tunaliita slivu, na maji ya kupoza yanalizunguka na kuligusa. Aliyeibuni alikuwa na akili zake: alumini ni nyepesi na inatoa joto upesi kama sufuria, chuma kinavumilia msuguano wa pistoni. Ukitaka injini kubwa zaidi hutafuti bloku nyingine. Unachomoa slivu, unaweka pana zaidi pamoja na pistoni zake, na ile ya CC 1300 inakuwa ya 1500. Ipo ya kabureta moja, ipo ya kabureta mbili, ipo ya gari dogo na ya pikapu. Ni ndugu wa tumbo moja, na kwa nje huwatofautishi ila kwa namba iliyogongwa ubavuni. Namba hiyo sasa iko chini ya rangi.

Mtaniambia picha za kufundishia zipo. Msimu uliopita wa mvua, pikapu ya wakulima wa Bahi ilizimika topeni ikiwa na shehena ya mpunga. Fundi wao, aliyesomea kwa picha sijui wapi, alikuwa ameifunga injini ya 1500 kwa gasketi ya 1300, ile karatasi ngumu ya kuzibia juu ya silinda, yenye matundu madogo zaidi, kwa kuwa zinafanana, kisha akajaza maji ya kisima, haya yetu ya chumvi yanayoacha ukoko kwenye birika. Gasketi ikaungua, alumini ikaliwa, na mpunga ukaota ndani ya magunia. Bi Tabu, mwenye magunia hayo, yuko mstari wa pili pale. Muulizeni kama picha zilimsaidia.

Mzee Kishan alipoitoa injini hii kwenye gari la marehemu mama yake, Bi Shantaben, alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, waifungue mpaka ichoke." Haijachoka. Kila darasa lililopita mikononi mwangu limeifungua na kuifunga, wengine wakilia, wengine wakibakiza nati mfukoni. Na leo Mwalimu Masudi, anayelipokea darasa langu, amenifuata pembeni akaniuliza, "Dada, Jumatatu nafundishia nini?"

Swali hilo limeniuma kuliko huku kuagwa kwenyewe, maana mimi naondoka na afya yangu, lakini hao wa mwaka wa kwanza wanaanza na nini? Na magari ya watu watayafungua kwa kutazama tu?

Mheshimiwa, ratiba inasema ukate utepe. Naomba mkasi ukae kando. Spana hii hapa, nimekuja nayo kwenye mkoba. Fungua boliti moja tu ya hedi, kile kifuniko cha juu, zilizobaki watamalizia vijana na Masudi, na injini ikirudi karakana ndipo nitaamini kwamba nimeagwa.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu. Mheshimiwa, karibu. Zinafunguka kwa kuzungusha kushoto.