Bi Mwanahalima binti Twalib na Mlango wa Wenye Udhuru

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeandika mwisho wa kila nafsi kabla ya pumzi yake ya kwanza. Ndugu waombolezaji, haya ni maisha ya marehemu kwa ufupi, kama yalivyoandikwa na kaka yake, Alawi bin Twalib. Limo jambo moja la siri. Linasemwa kwa wasia wake mwenyewe.

Marehemu alizaliwa Mwigobero, Musoma, tarehe 14 Machi 1940, mtoto wa pili wa Mzee Twalib, fundi wa mitumbwi, na Bi Shani. Alihitimu Kurani akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, akasoma shule hadi darasa la nne. Mwaka 1959 aliolewa na Bwana Omari Sefu, fundi cherehani wa Bunda, akajifunza ushonaji kwa mumewe hata wateja wakawa wanamwulizia yeye kwanza. Katika harusi za Bunda, kicheko chake kilisikika kabla ya ngoma.

Tarehe 9 Juni 1982 alijifungua mtoto wake wa tano. Uchungu ulidumu siku mbili. Gari lilikuwepo, mafuta hayakuwepo, kama vilivyokosekana vingi miaka ile. Mama na mtoto walisalimika. Lakini tangu siku hiyo mkojo ulimtoka bila hiari: akikohoa, akicheka, akiinuka kutoka sijda. Hakumwambia mtu, hata mumewe. Sabuni ilikuwa ya foleni, hivyo alifua vitambaa vyake kwa majivu. Akaacha kwenda harusini. "Bi Mwanahalima anaringa," wakasema majirani. "Cherehani mbili zimempanda kichwani!"

Swala hakuiacha; aliirudia. Kila tone lilipomtoka alijisafisha, akabadili nguo, akaanza upya, hata Adhuhuri ikakutana na Alasiri. Ramadhani ya mwaka 1986 alikuja Musoma kuhudhuria darasa la wanawake lililosomeshwa na kaka yake. Nyuma ya pazia alisikia kwamba tone la mkojo hubatilisha swala, na kwamba mwenye kulipuuza anaitafuta adhabu ya kaburi. Aliporudi Bunda aliukunja msala. Akiulizwa, alisingizia hedhi. Jirani yake, Bi Tabu, akamtania: "Hedhi gani hii, shoga, inayovuka miandamo miwili?"

Habari zilipomfikia kaka yake, alisafiri kwenda kumkaripia.

"Umeacha swala, Mwanahalima?"

"Sijaacha, kaka. Nimekatazwa."

"Na nani?"

"Na wewe."

Akamweleza yote, uso wake ukielekea ukutani. Kaka yake alilijua jibu tangu ujana, kwani vitabu vya fikihi vina mlango wa wenye udhuru. Mwenye kutokwa na mkojo bila hiari hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutia udhu baada ya wakati kuingia, kisha huswali bila kukawia. Kitakachomtoka baada ya hapo kimesamehewa. Mlango huo kaka yake aliuruka darasani kwa kuona haya kuusoma mbele ya wanawake.

"Kumbe mlango huo ulikuwa kitabuni siku zote?"

"Siku zote."

"Basi umeona haya wewe, kaka, swala nimekosa mimi siku sitini."

Aliswali Alasiri palepale. Mwaka uleule, alipokwenda Butiama kumjulia hali binti yake, alimwendea muuguzi mmoja aitwaye Bhoke. "Wamama wengi wanakuwaga nayo hii, wanafichaga tu," Bhoke alimwambia. "Huo msuli umechoka, mama. Tutaufanyisha kazi." Akamfundisha kukaza misuli ya chini kana kwamba anazuia mkojo, kuhesabu taratibu, kisha kulegeza, kila siku bila kuchoka. Baada ya miezi mitano hali ilipungua sana, ingawa haikuisha.

Biashara ilipofunguliwa na mitumba ikajaa sokoni, marehemu alinunua mashuka ya pamba, akashona vitambaa vya kujihifadhi na kuwagawia wanawake pamoja na somo: nusu fikihi, nusu mazoezi ya Bhoke. Wanaume walipouliza wake zao wanafundishwa nini, aliwajibu, "Mlango ambao sheikh wenu aliuogopa."

Tarehe 3 Julai mwaka huu alipatwa na kiharusi, akaletwa hapa Kigera kwa kaka yake. Ulimi wake ulipopata nafuu alisema: "Siku yangu utasoma, alikuwa mpole, mcha Mungu, mpenda watu. Kila maiti husomewa hivyo. Soma na mkojo wangu. Atakuwepo mtu uani ambaye hajaswali." Alifariki Jumatano, tarehe 10 Agosti 1994, baada ya Alasiri.

Ameacha mume, watoto watano, wajukuu saba na kaka mmoja, mwanafunzi wake. Waliomwosha asubuhi hii ni wanawake wanne wa darasa lake, wote wenye udhuru huohuo.

Adhuhuri imekaribia. Dada zetu mlioko uani, adhana ikishasikika, jisafisheni, jifungeni, tieni udhu, kisha ingieni safuni pamoja nasi mumswalie. Mwenyezi Mungu amrehemu, ampanulie kaburi lake, na humo apumzike kwa amani.