Saa Alizowaandikia Wengine

Kwenye jalada la ratiba hii ya mazishi, mbele ya neno "Alizaliwa", pameachwa wazi. Mchapaji asilaumiwe. Alimpigia simu dada yetu mkubwa mara mbili.

"Dada, tarehe hujanipa."

"Paache hivyo hivyo."

"Watu watasema nimesahau."

"Waache waseme."

Kitambulisho cha marehemu baba yetu kilisema tarehe mosi Januari 1949. Ndiyo tarehe ambayo ofisi zilikuwa zikiwapa wote waliofika bila tarehe. Tunachojua ni kwamba mwezi Machi mwaka huo mwanamke mmoja, mshona magodoro, alimkuta akiwa kichanga kwenye benchi la stesheni ya treni, amefungwa shuka la kijani, na tayari alikuwa anajua kushika kidole. Akambeba, akamlea, akawa mama yake. Sisi wanawe tumeijua habari hii Agosti iliyopita.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1956 hadi 1963, kisha sekondari miaka minne. Unajimu alifundishwa na mjomba wake, fundi cherehani, kwa chaki, juu ya meza ya kukatia nguo. Njia hiyo ya zamani haiulizi ulizaliwa lini. Huchukua jina lako na la mama yako, kila herufi na thamani yake, hujumlisha, kisha hupunguza kumi na mbili kumi na mbili. Kinachobaki ndiyo nyota yako. Yake ilitoka Mizani, na alijivunia.

Tangu Februari 1971 hadi alipostaafu Desemba 2008, alikuwa karani wa kusajili vizazi hospitalini, katika chumba chembamba pembeni mwa wodi ya wazazi. Fomu haikuwa na nafasi ya saa. Yeye aliwauliza wakunga, akaandika ukingoni kwa penseli: saa mbili na dakika tano asubuhi, saa kumi kasoro robo jioni. Wakubwa wake walimpa barua ya onyo. Aliendelea, kwa mwandiko mdogo zaidi. Hakutuambia sababu, na njia yake haikuhitaji saa.

Jumamosi, tarehe 16 Septemba 1978, alimwoa mama yetu, muuguzi wa wodi hiyo. Kabla ya posa alipiga hesabu, nyota zikagombana. Hakumficha. Mama akamjibu, "Hesabu tena, safari hii polepole." Jibu likawa lile lile. Wakaoana.

Dada alipomaliza chuo kikuu alirudi na njia ya kisasa: tarehe, saa, mahali, na kompyuta inayochora anga la dakika ile. Walibishana kila Jumapili mezani.

"Baba, wenye jina lako, na mama mwenye jina kama la bibi, wako mia. Wote maisha yao ni yale yale?"

"Na wale pacha wa kitanda namba nne? Dakika sita tu kati yao. Mmoja hakimu, mwenzake kapandishwa kizimbani. Halafu mashine yako inamwambia mtu tabia yake. Tabia si amuulize mkewe? Kwangu watu huja kuuliza wasafiri au wasisafiri."

Siku moja dada alimchorea anga la tarehe mosi Januari. Baba akalitazama sana. "Huyu bwana ni nani? Mkaribishe chai."

Figo zake zilianza kushindwa Aprili 2023. Agosti mwaka huu dada alikaa kando ya kitanda chake, kompyuta mapajani.

"Baba, nipe saa yako ya kweli. Hata ya kukisia. Nataka kujua nikuombee upone, au nikuache upumzike."

Hapo ndipo alipotueleza habari za benchi na shuka. "Saa sina, mwanangu. Na jina la mama nililohesabia ni la aliyeniokota. Mizani niliiazima. Ndiyo maana nikawasumbua wakunga."

Mama alikuwa anakunja taulo. "Kumbe miaka yote hii nimegombana na nyota ya mama mkwe," alisema. Baba alicheka mpaka akakohoa. Dada alifunga kompyuta, akaiweka sakafuni, akamwinulia mto.

Alifariki Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, mama amemshika kiganja. Fomu waliyotupa nayo haikuwa na nafasi ya saa. Dada aliomba penseli.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na watu wengi wa mji huu ambao saa zao ziko ukingoni mwa karatasi, kwa mwandiko wake.

Mungu amlaze pema, baba yetu. Analazwa leo katika kaburi namba 214, safu ya sita, jirani na bomba la maji.